Mvua inakaribia: lupango itupe mboga, si vumbi



Jakaranda zimetoa maua mu barabara za Lubumbashi, joto inapanda kila siku, na upepo unabeba vumbi toka asubuhi. Kila mtu wa Katanga anajua maana yake: kiangazi kinaisha. Mwezi wa kumi mvua itakuja kutupima. Itanyesha siku mbili, itakatika juma nzima. Mwezi wa kumi na moja itasimama sawasawa, na haitatuacha mpaka mwezi wa nne. Kati ya leo na ile mvua ya kweli kuko juma sita ao nane hivi. Mtu anayetayarisha lupango yake sasa atakula kwake. Anayengojea mvua ndipo atafute jembe atakula ya soko.

Sisi wa sendika tumezoea kuwaandikia juu ya mushahara, kontra na usalama wa kazi. Leo tunaandika juu ya jembe, na hatujatoka mu kazi yetu. Mboga inayopikwa jioni ni sehemu ya mushahara, na udongo mtoto anaochezea ni sehemu ya usalama wa kazi. Mu miji yetu ya shaba, hayo mambo mawili yako mu lupango moja.

Hesabu ya unga

Wazee wetu walipewa posho. Union Minière iligawa chakula kwa wafanyakazi wake pamoja na nyumba, na Gécamines iliendelea na desturi ile. Halafu nyakati ziligeuka. Mwaka wa 2003 peke yake, wafanyakazi zaidi ya 10.000 wa Gécamines walitoka kazini mu ule mpango wa kuondoka kwa hiari, na jamaa nyingi zilirudi ku jembe kabisa. Siku hizi kampuni ni nyingi, posho haiko, na unga tunanunua. Sehemu kubwa ya mahindi yetu inatoka Zambia. Mwaka wa 2024 ukame ulipiga Zambia, na hapa kwetu kila mama aliona namna mufuko wa unga ulipanda bei.

Ndiyo sababu watu wengi, wakiona mvua, wanajaza lupango yote mahindi. Tufanye hesabu pamoja. Chukua kipande cha metre 10 kwa metre 5. Ukilima vizuri, utie mbolea, wezi wasipite na funza wasikushinde, utapata kilo 15 hivi za mahindi makavu. Mufuko mmoja wa unga ni kilo 25, na nyumba ya watu wanane inaumaliza mbele ya mwezi kufika nusu. Kazi ya miezi minne, na umepata bukari ya juma moja na kidogo.

Kile kipande kimoja, ukikipanda lengalenga, matembele, majani ya maboga na bamia, kinaweza kutoa mboga mara mbili, mara tatu kwa juma, miezi na miezi. Zile franga za kila siku za kununua fungu la mboga zinabaki nyumbani. Kwa hiyo shauri letu la kwanza ni hili: shamba la mbali njo la unga, lupango njo ya mboga. Mahindi pandeni mistari miwili ao mitatu, ya kuchemsha na kuchoma na watoto mu mwezi wa pili.

Tujue udongo wetu

Hapa njo penye neno ambalo vitabu vya kilimo vya nchi zingine havina. Udongo wa kwetu si wote safi.

Kiwanda cha kuyeyusha shaba cha Lubumbashi kilianza kazi mwaka wa 1911. Kwa miaka mingi upepo wa kusini-mashariki ulisukuma moshi wake upande mmoja, na mitaa ya kaskazini-magharibi, kama Penga-Penga, ilipokea. Watafiti wa agronomia wa UNILU wamesoma udongo wa pale: shaba iko nyingi hata majani ya kawaida yanashindwa kuota. Likasi, Kipushi na Kolwezi ziko na hadithi zao, na siku hizi pahali pa kusafishia mawe panaongezeka karibu na nyumba za watu.

Mwaka wa 2009, watafiti wa UNILU pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji, walitangaza matokeo ya kupima mkojo wa watu wa Katanga. Waliokaa karibu na migodi na viwanda walikutwa na kobalti nyingi kupita waliokaa mbali, na watoto walikuwa nayo zaidi kuliko wakubwa. Uchunguzi uliofuata ulitafuta njia inayopitia. Zilionekana njia mbili kubwa: chakula kilicholimwa pale pale, na vumbi ambayo mtoto anameza kwa mikono na michezo yake.

Tunasikia watu mu kambi wakijibu: “Shiye tulikomalia humu mu vumbi, na tuko bazima.” Tunawaheshimu, lakini hatukubali. Kobalti na risasi haziangushi mtu siku moja. Zinaingia kidogo kidogo, na mwili mdogo wa mtoto unashindwa mbele ya mwili wa baba. Tena hatusemi mtu aache kulima. Tunasema: tulime kwa akili.

Namna gani kujua bila mashini? Kuko alama. Kama pahali fulani mu lupango hata magugu hayaoti, na mvua inapita miaka yote, usilazimishe mboga pale. Kama unaona kale kamajani wataalamu wanaita Haumaniastrum katangense, lile ua la shaba ambalo watafuta-madini wanatumia kujua pahali shaba iko, usipande chakula. Kama lupango ilisawazishwa na mawe meusi ya kiwanda ao mchanga wa kutoka ku mgodi, pale weka nyasi, maua ao banda la kuni. Na kama nyumba iko karibu na barabara ya makamyo ya mgodi, sehemu ya mbele isiwe ya mboga. Mboga ziende nyuma ya nyumba, ukuta uzikinge.

Vumbi tunayoleta sisi wenyewe

Vumbi ingine haiji na upepo. Inakuja na salopeti. Mtu anatoka posti ya usiku, anaingia na viatu vyake, anakaa, mtoto anamrukia. Halafu mama anafua salopeti na maji yale anamwagia lengalenga, juu maji ni ya shida. Bandugu, maji ya kufulia nguo za mgodi yasifike ku mboga hata siku moja. Yamwagwe pahali pamoja, mbali na matuta na mbali na kisima. Viatu vibaki inje. Salopeti ikung'utwe ku kazi, si mu lupango.

Mambo mengine matatu tunayaona kila pahali. Moja, bidoni zilizobeba asidi ao dawa za kiwanda zinauzwa ku soko, na watu wanawekea maji. Hazisafishiki. Usinunue. Pili, mifuko mikubwa ya mgodi inageuzwa kuwa mifuko ya kupandia. Mboga ndani ya mufuko ni shauri zuri, lakini chukua mufuko wa unga ao wa sukari. Tatu, maji ya mto ambao juu yake watu wanasafisha mawe ya kobalti: si ya kumwagilia mboga, hata kama yanaonekana meupe.

Na kufagia? Bamama wetu wanaona fahari lupango ikifagiliwa mpaka udongo ung'ae. Lakini udongo mtupu unaofagiliwa kila asubuhi mu kiangazi njo kiwanda cha vumbi cha nyumbani. Nyunyizia maji kidogo mbele ya kufagia. Na mvua ikisimama, panda nyasi fupi pale watoto wanachezea. Si lazima kununua: omba vipande ku jirani, vipande kila sentimetre 20, na mbele ya Noeli udongo utakuwa umefunikwa. Uzio wa hibisko ao bugenvilea upande wa barabara unashika vumbi tena unapendeza macho. Lupango nzuri ni ile yenye udongo umefunikwa.

Kazi za juma sita hizi

Juma la kwanza, safisha. Lakini usichome majani. Moto wa takataka unaharibu chakula cha udongo, na sashe za plastiki zinazochomwa pamoja zinatoa moshi mubaya. Majani makavu yachimbie shimo la metre moja, yapange na maganda ya mihogo, maganda ya ndizi na mavi ya kuku, tabaka juu ya tabaka. Lowanisha, funika, geuza kila juma mbili. Itakuwa mbolea kamili nyuma ya miezi miwili ao mitatu; itatumika ku mboga za mwezi wa kwanza.

Juma la pili, tia chokaa. Hii njo dawa kubwa ya udongo wa kwetu. Udongo wa Katanga kwa asili uko na ukali, na udongo mukali unaachilia metali: shaba, kobalti na zinki zinayeyuka mu maji na mizizi inazinywa. Chokaa inapunguza ukali, na metali nyingi zinajifunga mu udongo. Konzi mbili hivi kwa kila metre moja ya mraba, changanya na jembe mpaka sentimetre 15. Mwenye kukosa chokaa atumie majivu ya makala, kidogo kidogo kila mwezi. Nguvu yake ni ndogo lakini inasaidia. Vaa kitu mu macho na mu pua wakati wa kumwaga chokaa, inachoma.

Ku Penga-Penga, watafiti walitumia njia hii hii, chokaa pamoja na mbolea ya kuoza, na majani yalishika pahali palipokuwa uwanja mtupu. Chokaa haiondoi shaba, inaifunga tu. Kwa hiyo ni kazi ya kurudilia kila mwaka.

Juma la nne, mbolea. Usiitie siku moja na chokaa, juu nguvu ya mbolea itapanda hewani. Ngojea juma mbili. Mavi ya kuku yaliyoiva, yasiyotoa joto tena: ndoo moja ya lita 10 kwa metre mbili za mraba. Mbolea hii inalisha mboga, na tena inashika metali kama chokaa. Njo maana tunasema mbolea ya kuoza mbele, mbolea ya kizungu nyuma.

Udongo wa kichuguu nao ni mali ya Katanga. Vichuguu vyetu vinapita urefu wa mtu mara mbili, tatu, na wakulima toka zamani wanajua kwamba udongo wake, hasa ule wenye kalisi nyingi, unaamsha shamba lililochoka. Tafuta kichuguu kilicho mbali na mgodi, ponda, changanya na mbolea. Njo udongo wa kujazia mifuko na matuta ya juu kwa wale ambao udongo wao unatia mashaka. Tuta la juu, sentimetre 30 za udongo safi juu ya ule wa zamani, linatosha kwa mboga zenye mizizi mifupi.

Juma la tano na la sita, chimba njia za maji. Mvua zetu za kwanza zinapiga udongo uliokauka na kuchomwa. Maji hayaingii, yanakimbia. Yanabeba mbegu, yanabeba mbolea, na mu mitaa ya mteremko yanakata mabonde yanayomeza nyumba. Matuta yakate mteremko, yasiufuate. Pale maji yanatoka ku bati, weka mawe ao pipa. Ku kingo za mufereji panda vetiveri ao majani ya chai ya ndimu. Mizizi yao inashika udongo. Na makopo, matairi na bidoni zilizopasuka zitoke mu lupango, juu maji yanayolala mle yanazaa mbu, na malaria haingoji mtu amalize posti yake.

Nini ya kupanda, na pahali gani

Mimea haifanani. Majani yanakusanya metali zaidi. Matunda na mbegu zinapokea kidogo. Kwa hiyo udongo ulio safi zaidi, ule wa nyuma ya nyumba ao wa mufuko, upewe lengalenga, sombe, matembele na majani ya maboga. Udongo wenye mashaka kidogo upewe bamia, mbilingani, maboga ya kula tunda, maharagi, mahindi, na miti: papai, mwembe, mvoka. Udongo mubaya kabisa upewe nyasi na maua.

Lengalenga unaweza kumwaga mvua za kwanza. Inatoka haraka, juma nne unaanza kukata. Using'oe, kata juu, itachipuka. Matembele panda vipande mvua ikilowanisha udongo vizuri. Mahindi usidanganywe na mvua ya mwezi wa kumi: ngojea katikati ya mwezi wa kumi na moja. Sentimetre 75 kati ya mistari, 50 kati ya mashimo, mbegu mbili mu shimo, kina cha vidole vitatu. Toka miaka ya 2016 na 2017 kuko ule funza mupya anayekula moyo wa mahindi. Tembea kila asubuhi, fungua majani ya katikati, mtoe na kumponda. Majivu ao mchanga mukavu mu moyo wa muhindi unasaidia. Mu kipande kidogo, mikono ya watoto inapita dawa.

Tomati na shu kubwa si za mvua. Zinaoza na magonjwa ya majani. Mwenye kutaka alinde kwa kibanda cha plastiki na kuzifunga ku vijiti. Kama sivyo, azingoje mwezi wa nne, mvua ikikatika.

Na ku jikoni: majani yote yaoshwe maji matatu. La kwanza linatoa udongo, la pili linatoa vumbi, la tatu linahakikisha. Sombe ioshwe mbele ya kutwangwa, si nyuma. Kuosha kunatoa vumbi ya juu ya jani. Ile iliyopita mu mizizi haitoki. Njo maana kazi ya udongo haiwezi kuachwa.

Ya kwetu na ya kampuni

Tumesema mambo ya kila nyumba. Sasa neno moja la sendika. Kuko mabwana ambao, wakisikia wafanyakazi wanalima, watasema: “Muzuri, basi mushahara unatosha.” Hesabu ya unga tumeifanya pale juu. Lupango inasaidia mushahara, haichukui nafasi yake. Tena si haki mama anunue chokaa kila mwaka kufunga metali ambazo hakuzimwaga yeye.

Sheria iko. Kode ya madini, ile iliyogeuzwa mu mwezi wa tatu 2018, inaomba kila kampuni inayotoa madini kuweka 0,3 % ya mauzo yake, si chini, kwa maendeleo ya wananchi wanaoguswa na kazi yake. Inaomba tena kampuni kupatana na wananchi juu ya kitabu cha mapatano, na inaiwekea kampuni madeni ya uharibifu inaoleta. Wengi wetu tukikaa mu mikutano ile tunaomba shule, pompi na barabara. Ni vizuri. Mwaka huu tuongeze mambo manne yasiyo ya bei kali: barabara za makamyo zimwagiliwe maji mara kwa mara mu kiangazi, salopeti zifuliwe ku kazi, na manyunyu yawe ya kila mfanyakazi, hata wa sutretansi, udongo wa mitaa ya karibu upimwe, na matokeo yasomwe mbele ya watu mu Kiswahili, na chokaa itolewe ku nyumba zinazoonekana zimeguswa.

Delege wa sendika mu kila kampuni apeleke maombi hayo mbele ya mvua, si nyuma. Chefu wa mtaa apewe kopi. Na anayeenda ku mkutano aende na orodha ya nyumba zenye udongo usioota kitu, namba ya lupango kwa namba ya lupango. Mtu akisema “vumbi ni nyingi” wanamsikiliza na kumsahau. Akisema “mu avenyu hii nyumba kumi na mbili, hata magugu hayaoti,” sherti waandike.

Kwa sasa, posti ikiisha, tupumzike kidogo, tuoge, halafu tuchukue jembe. Chokaa inaomba juma mbili ikae mu udongo, na mawingu yameanza kukusanyika upande wa kaskazini.